Mwirigi na Gia ya Rivasi

Watu wa Nkubu wanamjua Mwirigi vizuri, ingawa wangefurahi zaidi kama wasingemjua. Akionekana langoni pako na suti yake nyeusi, kofia ameishika mkononi, ujue kuna jambo, na jambo lenyewe si posa. Mwirigi ni dereva wa gari la maiti. Kampuni anayoifanyia kazi iko mjini Meru, naye amewabeba wafu wa kila aina, kuanzia walimu wakuu mpaka walevi, wote kwa mwendo ule ule mmoja wa heshima, taa zikiwaka mchana kweupe.

Akipita, wanaume huvua kofia. Akina mama huwavuta watoto ndani ya ua. Waendesha bodaboda, watu ambao hawamwogopi askari wala lori la mchanga, humpisha wakiwa wameinamisha vichwa. Hakuna anayempungia mkono, na kusema kweli, ni nani mwenye akili timamu atakayelipungia gari la maiti? Mwirigi alilielewa hilo. Kulielewa, hata hivyo, hakukumzuia kulihisi. Mtu akipita barabara moja miaka nenda miaka rudi bila kuona jino la mtu, moyo huingia baridi.

Kazi yenyewe alifundishwa na mzee Kaburu, dereva aliyemtangulia, ambaye siku hizi amestaafu na anafuga nyuki. Mzee Kaburu alikuwa na masharti yake. Usiwashe redio. Usile ndani ya gari. Usiyapite magari ya wafiwa. Na sharti kubwa kuliko yote: ukishampakia mtu, gari lisirudi kinyumenyume. Ukikosea njia, zunguka. Ukikuta pamefungwa, ngoja pafunguliwe. "Gari likirudi nyuma na mtu yuko ndani," mzee alimwambia, "wenye boma watasema umesahau mwingine."

Miaka ya mwanzo Mwirigi alilicheka sharti hilo. Kisha siku moja ya mvua, kwenye boma moja huko juu ya Nkubu, mti wa mukima ulianguka barabarani mbele yake, naye alikuwa ameshampakia babu wa boma hilo. Waombolezaji walikuwa wameloa chapachapa. Mwirigi aliona ni ujinga kukaa pale kungoja msumeno uletwe, akaweka rivasi, akarudi mpaka uani na kutokea njia ya shambani. Mwezi haukuisha, simu ikaja, na boma alilotumwa likawa lile lile, kumchukua binti wa yule babu, mama wa watoto wadogo.

Hakuna aliyemlaumu. Alijilaumu mwenyewe, kimyakimya, na tangu hapo mkono wake haukuigusa tena gia ile akiwa na mtu ndani ya gari. Mtu yeyote, awe hai awe amekufa. Hata Kinya, mke wake, walipoazima gari kwenda sokoni, alishushwa kwanza langoni ndipo gari liegeshwe kwa rivasi. Kinya alidhani ni heshima, akawa anawasimulia wanawake wenzake kanisani.

Sasa, mtu wa namna hii anaingiaje kwenye mashindano ya mbio za magari? Lawama zote ni za Kobia.

Kobia ana gereji Kinoru, nyuma ya uwanja wa michezo. Ana tumbo la mwenye gereji na mdomo wa mnadi. Zamani alikuwa dereva wa mashindano, mpaka mgongo ulipomkataza, na Subaru yake ya samawati ikabaki chini ya turubai, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Siku ya kumzika mjomba wake mvua ilinyesha, kama ilivyo desturi ya mvua kwenye mazishi, na Kobia akaketi mbele pamoja na Mwirigi kuelekea bomani. Njia ya mwisho ilikuwa mteremko wa udongo mwekundu, ule ambao ukilowa huwa sabuni. Magari ya wafiwa yaliachwa juu, watu wakashuka kwa miguu wameshikana mikono. Mwirigi hangeweza kumwambia marehemu ashuke atembee. Alishuka kwa gia, bila kugusa breki, gari likiserereka kidogo huku na kidogo kule, na kila mara likirudi pale alipolitaka.

Walipofika chini, Kobia alisahau kumlilia mjomba wake. Aligeuka akalitazama jeneza. Halikuwa limesogea hata upana wa kidole.

"Mwirigi," alimwambia jioni ile, sahani ya wali mkononi, "wewe umepotea. Hii kipaji yote unapea watu hawawezi kupiga makofi."

Basi Mwirigi, mwenye miaka arobaini na mbili na mvi kadhaa kidevuni, akasajiliwa kuwa dereva mgeni katikati ya vijana wenye miwani ya jua na akina dada wa kuwashikia mwavuli. Kinya alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka.

"Baba Adrian," alisema, "wale unabeba hawawezi kufa mara ya pili. Hawa wa sasa wanaweza."

Shindano la kwanza lilikuwa Timau, kwenye mashamba ya ngano. Watoto wa shule walikuwa wamepanda ua wa miti wakipiga kelele, na Subaru ya samawati ilipopita walimpungia, mikono yote miwili, kana kwamba wanamjua. Mwirigi alilia ndani ya helmeti. Ndiyo, alilia, mtu mzima na kazi yake ile, na asiyejua ni kwa nini basi hajawahi kupita mahali watu wakigeuza nyuso. Kilomita chache mbele, machozi yakiwa hayajakauka, alipitiliza kona kwa urefu wa gari moja. Dereva mwingine angerudi nyuma kidogo, akate kona, aendelee na safari. Mwirigi alienda mbele kutafuta mahali pa kuzungukia. Akaenda, akaenda, akajikuta kwenye ua wa mtu, wenyewe wakikama ng'ombe. Yeye na mpwa wa Kobia, aliyeketi kando yake, walikaribishwa maziwa. Walipotoka, muda ulikuwa umepita, wakaondolewa.

Shindano la pili gari liliteleza likaingiza pua mtaroni. Kuteleza si kuanguka, walisema wahenga, lakini wahenga walitarajia mtu ajitoe. Watazamaji walipaza sauti, "Rudi nyuma! Rudi nyuma!" Mwirigi alikanyaga kwenda mbele mpaka taa zikazama kwenye tope. La tatu hata sitaki kulieleza. Lilihusu lango la shule lililokuwa limefungwa.

Kobia aliamini kwamba gia ndiyo mbovu. Aliifungua gia-boksi mara mbili, akaikagua jino kwa jino, akaifunga, akaweka rivasi mwenyewe, na gari likarudi vizuri tu. Akakuna kichwa. Mwirigi alikuwa amesimama kando akimshikia tochi, aibu imemjaa tele, na hakusema. Utamwambiaje mwenye gereji kwamba ugonjwa hauko kwenye gia, uko kwenye mkono? Naye mpwa wa Kobia, aliyekuwa navigeta, yaani yule anayeketi kando ya dereva akimsomea kona zinazokuja, aliacha kazi. Alisema hawezi kukaa na mtu anayeendesha kama mto, hajui kwenda ila mbele.

Likabaki shindano moja, la kufunga msimu, Embu. Kobia alimwita, akamkalisha juu ya tairi, akamwambia bila kuzunguka.

"Mimi nakupenda. Lakini hii ya Embu ndio ya mwisho. Sitaki ushinde. Maliza tu, hata ukiwa nyuma ya kila mtu. Usipomaliza, Januari gari napea kijana mwingine, na mimi na wewe tunarudi kuwa marafiki wa kawaida."

Mwirigi alisema sawa. Nyumbani alimwambia Kinya kwamba haogopi kitu, na Kinya akaendelea kuchagua maharagwe. Alijua mume wake, tangu Timau, amekuwa mtu wa kupiga mluzi asubuhi akifunga viatu. Kinya hakuzipenda mbio zile hata kidogo. Mluzi ule aliupenda.

Navigeta mpya alipatikana Embu kwenyewe. Nelius anauza kwenye duka la vipuri mjini, msichana mrefu, mwenye sauti inayoingia mlangoni kabla yake, na alikuwa ameshakaa kando ya madereva wawili watatu wenye majina. Asubuhi ya mashindano mama yake, Susan, alifika uwanjani akitoka Mbeere, anakolima ndengu na muguka, yale majani ya kutafuna, kikapu mkononi. Alimtazama Mwirigi kuanzia viatu mpaka kichwani. Habari za mtu na kazi yake hazingoji nauli. Zilikuwa zimeshafika Mbeere kabla yake.

"Ni wewe ule dereva wa maiti wa Meru?"

"Ni mimi, mama."

"Umezoea abiria hawalalamiki."

"Ndiyo, mama."

"Huyu wangu hulalamika. Na ndio huyu mmoja niko naye." Susan alikitua kikapu chini, akakifunika vizuri kwa leso. "Mimi sitaki kikombe. Nataka msichana."

Hapo Mwirigi alimpeleka Nelius kwenye gari. Alimfunga Nelius mkanda, akauvuta kuhakikisha, akauvuta tena. Nelius akasema anakabwa. Akaulegeza kidogo, kisha akaukaza ulivyokuwa. Nelius alipotoa ndizi mfukoni aimenye, Mwirigi alimwomba, kwa adabu kabisa, asile ndani ya gari. Msichana alimtazama kwa mshangao, akairudisha ndizi.

Hatua mbili za asubuhi zilikuwa vumbi tupu. Njia iliteremka kutoka upande wa Embu, ikaingia Mbeere kwenye joto, kati ya michongoma na vishamba vya muguka, na watazamaji walikuwa wamekaa juu ya mawe, mashavu yamejaa, wakibishana kuhusu magari wasiyowahi kuyapanda. Mwenda pole hajikwai, na Mwirigi alienda pole hasa. Kila kona aliikaribia kwa uangalifu wa mtu anayeingia kwa wakwe. Gari la nyuma likampita, na la nyuma ya hilo pia. Nelius alisoma noti zake kwa sauti iliyozidi kuchoka. Hata hivyo walimaliza hatua zote mbili, na hilo lilikuwa halijawahi kutokea tangu Subaru itolewe chini ya turubai. Kobia, kwenye kituo cha mafuta na ukaguzi, alikuwa akizunguka gari akiligusagusa kama ng'ombe anayekaribia kuzaa.

"Moja tu," alisema. "Imebaki moja tu. Polepole, Mwirigi. Hakuna mahali unakimbilia."

Kisha mvua ikanyesha. Ilikuja kutoka upande wa mlima bila hodi, mvua ya matone makubwa, na kwa muda mfupi njia yote ikageuka uji. Vijana wenye miwani ya jua waliipokea vibaya. Mmoja aliingia kwenye shamba la ndengu akalilima mpaka katikati. Mwingine akaukumbatia mgunga. Aliyekuwa akiongoza tangu asubuhi alikwama kwenye mkondo wa mchanga ambao dakika chache zilizopita ulikuwa mkavu, akaketi juu ya paa la gari lake akiyatazama maji.

Mwirigi alianza hatua ya mwisho, na baada ya kona ya kwanza akahisi mabega yakishuka. Huu udongo aliujua. Ulikuwa wa rangi ile ile ya njia za kwao, na ulikuwa na hila zile zile. Aliacha breki, akashika gia, akaliachia gari liserereke kidogo huku na kidogo kule. Nelius aliinua macho kutoka kwenye noti, akayarudisha upesi, na sauti yake ikabadilika. Sasa alisoma kwa haraka, akifurahi. Walilipita gari moja lililokuwa likizunguka mahali pamoja kama kuku aliyekatwa kichwa. Wakalipita la pili.

Watu walikuwa wamejifunika karatasi za plastiki kando ya njia, na hawakuondoka. Mahali fulani mtu alipiga kelele, "Huyo ndiye wa maiti! Huyo ndiye wa maiti!" na umati wote ukaangua kicheko na kunyanyua mikono. Hawakukimbiza watoto ndani. Waliwainua mabegani wamwone. Mwirigi aliona meno ya watu, meno mengi, yote yakiwa yake, na moyo ukafura. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Akakanyaga mafuta zaidi kuliko alivyohitaji.

"Kushoto kali baada ya daraja," Nelius alisoma.

Alimsikia. Ila upande wa kulia palikuwa na mama mmoja aliyekuwa akipunga mkono wa mtoto wake mchanga, mkono mdogo mno, na Mwirigi akautazama mkono huo kwa muda wa kupepesa jicho. Muda huo ulitosha. Kona ikapita. Gari likateleza moja kwa moja kwenye kijia cha mifugo na kusimama, pua juu ya korongo lililochimbwa na maji. Chini, maji mekundu yalikuwa yakienda kwa kelele. Donge la udongo likamegeka mbele ya gurudumu likaanguka.

Waipa zilikuwa zikiendelea na kazi yake.

"Haya," Nelius alisema, "rudi nyuma. Gari ya kufunga njia iko karibu. Ikitupata hapa, tumetolewa."

Mwirigi alishika gia. Mkono ukakaa pale, haukwenda kokote.

"Rivasi, Mwirigi!"

"Siwezi."

"Imekwama?"

"Gia ni nzuri," Mwirigi alisema. "Ni mimi."

Akamwambia. Kwa haraka, maneno yakikanyagana: mzee Kaburu na sharti lake, mti wa mukima, babu aliyekuwa ndani, na mama wa watoto wadogo ambaye Mwirigi alitumwa kumchukua kabla mwezi haujaisha. Mambo ambayo hajawahi kumwambia hata Kinya, alimwambia msichana waliyejuana tangu juzi, mbele ya korongo, mvua ikipiga paa. "Na wewe uko ndani," alimalizia. "Na mama yako hana mwingine."

Nelius hakucheka. Nampenda kwa hilo, maana wengi wangecheka. Alikifungua kioo cha helmeti yake, akageuka kadiri mkanda ulivyomruhusu.

"Hebu niangalie. Mimi ni maiti?"

"La."

"Maiti husikia njaa?"

"Hapana."

"Basi mimi nasikia. Nimeamka bila chai, ndizi yangu umenikataza, mguu umekufa ganzi, na hii mkanda ulinifunga nayo nafikiri ni ya kufunga ng'ombe. Tukikaa hapa dakika mbili hii mchanga inabomoka, na hapo utanibeba kweli. Mimi ni mtu mzima, Mwirigi. Nirudishe nyuma."

Gari likaserereka mbele, kidogo tu, upana wa kiganja. Mwirigi alisikia mapigo ya moyo wake masikioni. Kwenye gari lake la kazi, nyuma ya kiti chake, daima palikuwa kimya, na sasa aligundua kwamba kimya hicho ndicho alichokuwa akikiogopa.

"Endelea kuongea," alisema.

"Niseme nini?"

"Lalamika. Usinyamaze hata kidogo."

Nelius alikuwa na kipaji hicho tangu utoto, mama yake ni shahidi. Alianza na bosi wake, ambaye hajampa likizo tangu Pasaka na huficha feni nzuri upande wa meza yake. Alipofika kwenye feni, Mwirigi aliweka rivasi. Gia iliingia kwa mlio mdogo, bila ubishi wowote, na akaanza kuachia klachi taratibu. Magurudumu yalizunguka bure. Nelius akahamia kwa mwenye nyumba wake na maji ya mfereji yanayokuja Jumanne tu. Mpira ukashika. Gari likarudi nyuma, kwanza kwa kusitasita, kisha kwa nguvu, likipanda kijia, pua ikiliacha korongo, na mahali lilipokuwa limesimama pakamegeka pakaenda na maji. Mwirigi alikuwa akitazama nyuma juu ya bega lake, jasho likimwingia machoni, na kila alipovuta pumzi alisikia sauti ile kando yake ikilalamikia viatu, ikilalamikia bei ya nyanya, ikilalamikia vijana wa Embu wanaoahidi kuja Jumapili na wasije.

Wakafika kwenye kona. Akaikata.

"Sasa soma," alisema.

"Nisome ama nilalamike?"

"Zote."

Hivyo ndivyo walivyomaliza kilomita zile za mwisho, na sidhani kama kuna navigeta mwingine aliyewahi kusoma noti namna ile. "Kulia taratibu, na huyo kijana alikuwa na jino la dhahabu, ningejua tu, kushoto kali, kali, sasa nyoosha, mama alinionya, mawe upande wako." Nyuma yao, kwenye kioo, taa za gari la kufunga njia zilionekana zikipanda mlima. Mwirigi hakukimbia na hakuzubaa. Aliendesha kama anavyojua kuendesha, mkono mwepesi, akishuka kwa gia. Alipoona bendera, na watu wawili wamejikunyata chini ya mwavuli mmoja na saa mkononi, hakuamini kwamba ndiyo hiyo. Nelius ndiye aliyempiga ngumi ya bega.

"Simama sasa! Tumemaliza, simama!"

Alikuwa wa pili kutoka mwisho kati ya wote waliofika. Nusu ya magari yaliyoanza asubuhi yalikuwa bado yametawanyika Mbeere yote, yakivutwa kwa kamba na ng'ombe. Kobia alikuja mbio, tumbo likimtangulia, akalipiga busu bonati lililojaa tope kisha akaanza kutema. Mwirigi hakuweza kushuka. Aliketi mikono kwenye usukani, akamtazama Nelius akijifungua mkanda mwenyewe, akifungua mlango mwenyewe, akishuka kwa miguu yake miwili kwenye mvua.

Susan hakukimbia. Alitembea upesi, leso kichwani, akamshika binti yake mashavu, akamgeuza huku na huku, akampapasa mabega na viwiko kama mtu anayenunua mbuzi. Aliporidhika ndipo akamsukuma kando, akainama dirishani kwa Mwirigi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Wewe Mmeru," alisema, "toka huko uje ule. Chapati zinapoa."

Alitoka akiwa ameshikilia mlango. Mtu akampa chapati, mwingine akampa chai kwenye kikombe cha plastiki, na watu asiowajua kabisa wakawa wanamshika mkono, mmoja baada ya mwingine, mikono yenye tope na yenye muguka. Alikuwa akicheka. Kisha simu ikalia ndani ya gari. Alipoona jina la mke wake, aliacha kucheka, kwa sababu alijua Kinya ameketi jikoni tangu asubuhi bila kuwasha redio.

"Mmefika?" Kinya aliuliza. Hakuanza na hujambo, wala hakuuliza habari za ushindi.

"Tumefika."

"Wote wawili?"

Mwirigi alifungua kinywa. Miaka yote hiyo amewapigia watu simu, akawaambia kwa sauti ya upole kwamba wamefika, na hakuna hata siku moja aliyoulizwa swali hilo. Alimtazama Nelius, ambaye alikuwa amesimama kwenye dimbwi, chapati mbili zimekunjwa pamoja mkononi, akimlalamikia mama yake kwamba chumvi imezidi. Akamnyooshea simu.

"Ni mke wangu. Mwambie kitu."

"Nimwambie nini?"

"Chochote."

Nelius aliichukua simu kwa vidole vyenye mafuta, akameza.

"Mama Adrian? Ee, ni mimi. Sikiza nikuambie huyu bwana yako alinifanya nini, na nimekaa na njaa siku mzima..."

Mwirigi aliketi kwenye tope kando ya gurudumu, akayashika magoti yake, akaisikiliza sauti hiyo ikiendelea, na upande wa pili, mbali huko Nkubu, akamsikia mke wake akianza kulia na kucheka.